Hamamu ya Kidichi

Watu wakitaja majumba ya masultani wa Unguja, aghalabu hutaja yale ya pwani, Mtoni na Marahubi, ambayo leo ni magofu. Lakini juu ya kilima cha Kidichi, kilomita 11 hivi kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe, baina ya mikarafuu na minazi, lipo jengo dogo lililosalimika pamoja na makuba yake, nalo kwa mwenye kupenda kazi ya ujenzi lina mengi ya kufunza kuliko kasri kubwa lililoanguka.

Hii ni hamamu aliyoijenga Seyyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi, ili wakitoka kuwinda au kukagua mashamba wapate mahali pa kujitoa vumbi na uchovu. Karafuu, iliyoletwa na Saleh bin Haramil kutoka kisiwa cha Réunion, ilikuwa imekwisha kuwa utajiri wa nchi, na jasho lililoistawisha lilikuwa la watumwa, jambo ambalo wasimulizi wa anasa za zamani hupenda kulipita upesi. Bibi huyo mwenyewe hakuwa mtu wa kujificha: Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, amemweleza akipanda farasi na kuwinda hadharani, akifuatana na Waajemi wenziwe. Hatimaye aliachwa, akarejea kwao.

Kwa nje jengo halivutii, ni kuta nyeupe tu na makuba. Lakini makuba hayo yana sababu. Nyumba ya mawe ya mwambao hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hulazwa juu ya boriti za mikoko; na kwa kuwa boriti hiyo haifai kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya majumba yetu ya kale vimekuwa virefu na vyembamba, hata kwa tajiri asiyejua umaskini ni nini. Kuba halitaki boriti. Hujishikilia lenyewe, humpa mjenzi nafasi pana, wala halina mti wa kuozeshwa na mvuke. Na mvuke huo ukigeuka matone, huteremka kwa kuufuata mviringo hadi ukutani, usimdondokee mwenye kuoga. Nuru iliingia kwa matundu yaliyokatwa kubani na kuzibwa vioo vya rangi, na maji yalipashwa moto kwa tanuri iliyokuwa chini. Kabla ya kufikia birika, mtu hupita chumba cha kuvulia nguo, chenye mabaraza ya mawe.

Uzuri wenyewe umo katika nakshi za ndani. Chokaa ingali mbichi hukatika kwa kisu, na kwa njia hiyo mafundi walichora ukutani tausi, maua ya yungiyungi, mitende na misonobari myembamba ya Uajemi, miti ambayo wakulima wa Kidichi hawakupata kuiona kwa macho. Ndege hao ni ajabu kwa mtu wa mwambao, kwani mafundi wetu, kwa kuichelea dini, aghalabu waliridhika na maua, minyororo na maandishi, wasithubutu kuchora chenye roho. Waajemi katika jambo hili walikuwa na mkono mwepesi zaidi. Kwa maoni yangu miti imewashinda ndege: tausi wamekaa kama waliobandikwa, ilhali majani yamefuata mkunjo wa ukuta kana kwamba yaliota hapo. Leo unyevu na ukungu umeipaka weusi sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mahali pengine ncha za majani zimemomonyoka.

Kizimbani, si mbali na hapo, katika shamba lililokuwa la Saleh bin Haramil kabla ya Seyyid Said kulitwaa, ipo hamamu nyingine ya zama hizo hizo, isiyo na nakshi hata moja. Na mwenye nafasi ya kuzizuru zote mbili na aanze na hiyo.