Duka moja, madaftari mawili: Kompyuta zikikataa kupeana mafaili

Februari 2024, kaka yangu mwenye duka la pembejeo mjini Makambako aliagiza mifuko 30 ya urea kwa ajili ya wakulima waliokuwa wakikuzia mahindi. Hakujua kwamba siku mbili kabla yake, shemeji alikuwa ameshaagiza mifuko mingine 30 kwa kazi hiyo hiyo.

Hawakuwa wamegombana, wala hakuna aliyemficha mwenzake. Kila mmoja aliangalia daftari la stoo kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake, kaka nyumbani na shemeji dukani, hatua kama 20 kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Madaftari hayo yalikuwa na jina moja, lakini hayakuwa na hesabu moja.

Awali kompyuta hizo ziliunganishwa ili zote zitumie daftari moja. Siku moja ile ya nyumbani ikaacha kuiona ya dukani. Kijana wa dukani akaanza kuhamisha faili kwa flashi, akisema ni kwa muda tu. Muda huo ukawa wiki tatu.

Tuipigie hesabu. Tuseme mfuko mmoja wa urea umenunuliwa Sh70,000. Mifuko 30 ya ziada ni Sh2.1 milioni. Kama fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, na mbolea ikakaa miezi kumi hadi wakati wa kukuzia msimu unaofuata, riba peke yake ni Sh315,000. Hapo hujahesabu mifuko iliyovuta unyevu na kuganda stoo. Hiyo ndiyo bei ya tatizo ambalo, tulipokaa kulitafuta, lilichukua chini ya saa moja kuliondoa.

Wafanyabiashara wadogo na wakulima wengi sasa wana kompyuta zaidi ya moja nyumbani au dukani. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta hitilafu pale zinapokataa kupeana mafaili. Siri yake ni moja: fuata njia ambayo faili hupita, hatua kwa hatua, wala usiruke.

Faili hupita wapi?

Kwanza tuondoe dhana potofu. Kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja hupeana mafaili bila kutumia intaneti. Bando likiisha, daftari la stoo linapaswa kuendelea kufunguka kama kawaida. Kwa hiyo usikimbilie kununua bando au kupigia simu kampuni ya mtandao.

Faili hutoka kwenye kompyuta moja, tuiite mwenyeji, ambako ndiko linakohifadhiwa. Hupita kwenye waya au waifai hadi kwenye ruta, kisha hufika kwenye kompyuta ya pili, tuiite mgeni. Ili safari hiyo ikamilike, mambo manne lazima yawe sawa: njia, anwani, mlango na ruhusa. Hitilafu huwa kwenye moja ya hayo manne.

Kwanza: Njia

Anza na mwenyeji. Je, imewashwa? Swali hili linaonekana la kitoto, lakini kompyuta nyingi hupangwa zilale zenyewe baada ya dakika chache bila kuguswa. Ikilala, folda zake hupotea machoni pa wenzake. Kama mchana daftari linafunguka na muuzaji akienda kula linapotea, ingia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale inapokuwa imechomekwa.

Kisha angalia kama kompyuta zote mbili ziko kwenye ruta moja. Hapa wengi hunaswa. Ya dukani iko kwenye ruta, ya nyumbani imeunganishwa na simu iliyowashwa hotspoti. Zote mbili zinafungua intaneti vizuri, lakini kwa kupeana mafaili ni kama ziko vijiji viwili visivyo na barabara kati yao. Hali huwa hiyo hiyo kompyuta moja ikiwa kwenye waifai iliyotengwa kwa wageni. Ruta nyingi huipa waifai ya wageni intaneti tu, na kuizuia isizione kompyuta nyingine za ndani.

Kama mnatumia waya, kagua ncha zote mbili. Taa ndogo pale waya unapochomekwa inapaswa kuwaka. Waya wa kawaida wa mtandao usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukipita stoo ya mahindi, ukague wote, maana panya hawachagui.

Pili: Anwani

Kila kompyuta kwenye mtandao hupewa anwani na ruta, kama sanduku la posta. Kuiona kwenye Windows, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4.

Mitandao mingi ya nyumbani hutumia anwani zinazoanza na 192.168. Kama mwenyeji ni 192.168.1.20 na mgeni ni 192.168.1.35, kwa kawaida hizo ni za mtaa mmoja. Kama moja ni 192.168.1.20 na nyingine ni 192.168.43.7, rudi hatua ya kwanza, kwani huenda moja imeshika ruta nyingine au simu. Na ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwenye ruta haikujibiwa, ikajitungia yenyewe. Tatizo hapo ni waya, waifai au ruta. Usiguse folda.

Kujaribu kama zinafikiana, kwenye kompyuta ya mgeni andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya mwenyeji. Majibu yakirudi, njia ni nzima. Yasiporudi, jaribu anwani ya ruta. Ruta ikijibu na mwenyeji asijibu, inawezekana kinga ya Windows kwenye mwenyeji ndiyo inayokataa kujibu. Hilo linatupeleka hatua ya tatu.

Tatu: Mlango

Kompyuta ya Windows inapoungana na mtandao huweka alama ya kuutambulisha. Alama ya "Public" maana yake uko mahali pa watu wengi, kama hotelini au stendi, hivyo hujifungia ndani na kujificha. Alama ya "Private" maana yake uko kwako, hivyo unaweza kuifungulia wenzake.

Hii ndiyo iliyokuwa hitilafu ya kaka. Ruta ya zamani iliungua, wakaweka mpya. Kompyuta ya dukani iliuona mtandao huo kuwa mgeni, ikauweka alama ya "Public", ikajifungia. Hakuna kilichoharibika. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye mwenyeji, chagua mtandao mnaotumia, badilisha alama iwe "Private", kisha hakikisha huduma ya kuonekana na ya kushirikiana mafaili zimewashwa. Fanya hivyo kwa mtandao wa nyumbani kwako tu.

Kama jina la mwenyeji bado halionekani kwenye orodha, usikate tamaa, kwa sababu orodha hiyo hukosea mara kwa mara. Ifuate kwa anwani. Kwenye sehemu ya juu ya dirisha la mafaili andika \\192.168.1.20, ukiweka anwani ya mwenyeji wako. Ikifunguka, jua tatizo lilikuwa jina tu. Ruta inaweza kubadilisha anwani siku nyingine, hivyo mwombe fundi aipangie kompyuta ya mwenyeji anwani ya kudumu kwenye ruta.

Nne: Ruhusa

Ukiombwa jina na neno la siri, umefika mlangoni na sasa unaulizwa wewe ni nani. Jina linalotakiwa ni la mtumiaji aliyesajiliwa kwenye kompyuta ya mwenyeji, si la kompyuta uliyokalia.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuingiza PIN, ile namba fupi unayofungulia kompyuta asubuhi. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta hiyo hiyo tu, haipiti kwenye mtandao. La pili ni kutumia akaunti isiyo na neno la siri. Kwa kawaida Windows huikataa akaunti ya namna hiyo isiingie kupitia mtandao.

Njia rahisi ni kufungua kwenye mwenyeji akaunti moja ya kazi hiyo, tuseme iitwe "duka", ukaipa neno la siri imara, kisha ukaipa ruhusa kwenye folda ya daftari peke yake. Picha za harusi na barua za benki zibaki nje.

Kama daftari linafunguka lakini linakataa kuhifadhi, jua kuna ruhusa za aina mbili: ya kushirikiana kupitia mtandao, na ya folda yenyewe. Zikitofautiana, ile kali zaidi ndiyo hushinda. Unaweza kumpa mtu ruhusa ya kuandika upande mmoja, na upande wa pili ukawa unamruhusu kusoma tu. Kagua pande zote mbili.

Usivunje ukuta ili upate mlango

Mafundi wa haraka wana dawa yao: kuzima kinga yote ya Windows, kuruhusu kila mtu bila neno la siri, na kurudisha mfumo wa zamani wa kupeana mafaili unaoitwa SMB toleo la kwanza. Daftari litafunguka siku hiyo, nawe utalipa na kushukuru. Hasara huja baadaye.

Mei 2017, programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 ikipitia udhaifu wa toleo hilo hilo la kwanza. Ilifunga mafaili ya watu kwa msimbo na kudai kuanzia dola 300 ili kuyafungua. Hospitali nchini Uingereza ziliahirisha huduma za wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu huo miezi miwili kabla, Machi 2017, na waliokuwa wamekiweka walikuwa wameuziba mlango ule. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Microsoft ilianza kuliondoa toleo la kwanza kwenye Windows mpya.

Ndiyo maana kompyuta ya zamani yenye Windows XP haielewani na kompyuta mpya: yenyewe inajua toleo hilo la kwanza tu. Dawa ni kuiondoa kwenye kazi ya daftari, si kuzirudisha nyuma zile mpya. Vilevile, fundi akikuelekeza kutumia HomeGroup, mwambie huduma hiyo iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009 iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Nayo Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida ya viraka vya usalama Oktoba 14, 2025, hivyo mwenye kompyuta hiyo apange kuhamia toleo jipya kama mashine yake inakubali.

Daftari likishafunguka

Kazi haijaisha. Watu wawili wakifungua faili moja la Excel lililo kwenye folda hiyo, wa pili huambiwa linatumika na kupewa nafasi ya kusoma tu. Akiwa na haraka atalihifadhi kwa jina jingine, na hapo madaftari mawili yamezaliwa upya. Wekeni utaratibu: anayeuza ndiye anayeandika, mwingine anasoma. Aliyemaliza alifunge faili asiliache wazi kwenye kioo.

Pia, kushirikiana faili si kuweka akiba. Kwa kawaida faili ukilifuta kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la taka, linapotea moja kwa moja. Kila jioni ya Jumamosi nakilini folda nzima kwenye diski ya nje, kisha mchomoe diski hiyo na kuifungia kabatini. Diski iliyoachwa imechomekwa inaweza kufungwa na programu hasidi pamoja na kompyuta.

Mwisho, siku muunganisho unapokatika, amueni papo hapo ni kompyuta ipi inabaki na daftari halali, na ile nyingine isiandike kitu hadi hitilafu ipatikane. Shemeji sasa amebandika karatasi juu ya kompyuta ya dukani yenye maneno manne: njia, anwani, mlango, ruhusa. Chini yake ameongeza la tano kwa wino mwekundu: flashi marufuku.

Ile mifuko 30 ya ziada waliimaliza kuuza Januari 2025, mitano kati yake kwa bei ya chini kwa sababu ilikuwa imeganda.