Mpunga Nalima Mimi, Gunia si Langu

Katika kliniki ya watoto hapa Pasiansi huwa tunawauliza akina mama mtoto anakula nini na mara ngapi kwa siku. Siku moja mama mwenzetu, ambaye mtoto wake alikuwa amepungua uzito, alitujibu kwa upole: "Mpunga nalima mimi, dada, lakini gunia si langu." Shamba liko Magu, kwa wakwe. Yeye hupanda, hupalilia na kuvuna. Fedha hupokea baba. Tulimweleza habari za uji wa lishe kama tulivyofundishwa, lakini tuliona haya. Uji huo anunue kwa fedha gani?

Akina mama wengi hudhani sheria iko upande wa ukoo. Kesi maarufu ya jambo hili iliamuliwa hapa hapa Mwanza. Bibi Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo akashtaki, akidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hutumia tu shamba, haliuzi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kuwa mila hiyo inapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Bibi akashinda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, lazima liwe na wanawake 3. Urithi ndio mgumu: mwaka 2006, katika kesi ya wajane wawili wa Shinyanga, Mahakama Kuu iliona kuwa kanuni za mila za 1963 zinabagua, lakini haikuzifuta.

Akina baba nao wasikie hesabu hii. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa wanawake wakipata pembejeo na nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Nani atamwaga samadi katika shamba analoweza kunyang'anywa kesho?

Mama yule alirudi kliniki na mumewe. Hatukumgombeza. Tulimwonyesha kadi ya mtoto, mstari ulivyoshuka, naye akaitazama kwa muda mrefu. Msimu uliofuata magunia mawili yalibaki mikononi mwa mama. Habari ya hati ya shamba bado wanaizungumza.