Mzio wa chakula unaochelewa na shida ya kuutambua

MTOTO anayevimba midomo dakika chache baada ya kula yai hahitaji uchunguzi mrefu, kwani chanzo kinajulikana papo hapo. Upo hata hivyo mzio mwingine ambao hauna haraka hiyo. Chakula huliwa mchana, tumbo likachafuka usiku au siku ya pili yake, na kufikia hapo mlaji amekwisha kula vitu vingine vingi.

Kwa wakazi wa Kisanga, wilayani Kilosa, kama ilivyo kwingi vijijini, kuutambua mzio huo ni kazi ngumu zaidi. Kuhara, kutapika na maumivu ya tumbo ni dalili pia za amiba, minyoo, maji yasiyo salama na hata malaria, na ni sahihi magonjwa hayo yakatafutwa kwanza. Shaka ya mzio huja pale vipimo vinapokuwa safi, dawa zimetumika zaidi ya mara moja, na tumbo bado linasumbua kila chakula fulani kinapoliwa.

Mzio wa haraka husababishwa na kingamwili ziitwazo IgE. Huu wa kuchelewa hutokana zaidi na seli za kinga zilizo katika ukuta wa utumbo, ndiyo maana kipimo cha ngozi au cha damu cha IgE huweza kuonyesha kwamba hakuna tatizo. Vipo vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa bei kubwa, lakini vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya na Marekani havishauri vitumike, kwa kuwa huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho.

Njia inayoaminika haina mashine. Chakula kimoja kinachoshukiwa huondolewa kwa wiki mbili hadi nne, dalili zikiandikwa kwenye daftari, kisha hurudishwa. Zikitoweka na baadaye kurejea, jibu limepatikana. Wengi huishia nusu ya njia: mtoto akipata nafuu chakula hakirudishwi tena, na haijulikani kama nafuu ililetwa na mlo au na siku kupita. Uji wa lishe nao huvuruga hesabu, maana mahindi, soya, karanga na ulezi huingia sufuria moja. Ni vyema kila nafaka ikajaribiwa peke yake.

Maziwa yanahitaji uangalifu wa pekee. Watu wazima wengi hujaa gesi na kuhara kwa kukosa kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa, jambo ambalo si mzio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kuwa uwezo wa kuyeyusha sukari hiyo ukubwani hutegemea urithi na umeenea zaidi kwa jamii za wafugaji. Mwenye tatizo hilo mara nyingi huvumilia mtindi. Mwenye mzio wa protini ya maziwa havumilii. Kumbadilishia mtoto huyo maziwa ya mbuzi hakusaidii, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mtoto mchanga anayenyonya na kupata choo chenye damu lazima aonwe na daktari. Ikibainika ni mzio, haachishwi ziwa. Mama ndiye huacha maziwa ya ng'ombe kwa muda, na watoto wengi hupona wakifikia mwaka mmoja.

Ipo pia aina ya hatari ambayo mtoto hutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, akapauka na kulegea. Huyo hukimbizwa hospitali kuongezewa maji, na chakula husika hakirudishwi nyumbani bali mbele ya daktari.

Kuondoa vyakula ovyo nako kuna gharama. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hivyo kila chakula kinachotolewa kwenye sahani kinahitaji mbadala, iwe maharage, dagaa au mayai.