Kitabu cha Babu Mikononi mwa Mjukuu

Katika nyumba nyingi zetu kipo kitabu kimoja kikuukuu, jalada limekwisha kung'oka, ambacho baba alikisoma utotoni na leo apenda mwanawe akisome. Mara nyingi ni khabari za watu waliotangulia: waliovuka mito, waliofyeka misitu, waliopiga kambi mahali wasipokuwa na jamaa. Watoto huzipenda khabari hizi, wala si ajabu, kwani ndani yake mna njaa, mvua, simba na kazi ya mikono. Lakini kitabu hicho asomeweje mtoto wa Kitahana, katika milima ya Buha, ikiwa nchi ya wazee wake ndiyo iliyopitiwa na wasafiri hao?

Tutwae Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee Unguja, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, akayatia katika herufi za Kizungu na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903, kisha W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Kiswahili chake ni kitamu. Kijana wa miaka 12 aanza biashara ndogo ya sandarusi. Afikapo miaka 18 afuatana na baba yake kwenda bara. Mtoto gani hatataka kujua yaliyofuata? Basi yaliyofuata ni vijiji kuvunjwa, pembe kuchukuliwa na watu kutekwa, na mwandishi ayasimulia hayo kama mtu asimuliavyo bei ya nguo.

Vivyo hivyo khabari ya Stanley. Mwaka 1871, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika nchi ya Waha. Wakubwa wa nchi wakamtoza hongo ya nguo, mmoja baada ya mwingine, hata akaona mali yake itakwisha. Akaondoka usiku kwa kujificha, akapita porini mpaka akaokoka. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 Waha ni watu wa tamaa tu. Hapo baba asimamishe kusoma, amwulize mwanawe: nchi ilikuwa ya nani? Hongo siku zile haikuwa rushwa kama tuijuavyo leo. Ilikuwa ushuru wa kupita. Forodha za leo nazo hutoza, wala hatusemi kuwa ni unyang'anyi. (Wako wasemao, lakini hiyo ni khabari nyingine.)

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, Laura Ingalls Wilder aliandika vitabu vya utoto wake miongoni mwa walowezi, cha kwanza mwaka 1932, na wakina bibi wangali wakiwasomea wajukuu. Katika kile cha mwaka 1935 nchi ya magharibi ilisifiwa mwanzoni kuwa haina watu, ila Wahindi Wekundu tu, nao ndio wenyeji wa asili! Mwaka 1952 msomaji mmoja akalalamika kwa wachapishaji. Mwandishi akakubali kuwa amekosea, na katika chapa ya 1953 neno "watu" likageuzwa kuwa "walowezi". Neno moja tu, nalo lilikaa miaka 18. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto kikaliondoa jina lake katika tuzo yao. Kwa maoni yangu, mtoto hufaidika zaidi akionyeshwa neno lile na sababu ya kubadilishwa kwake kuliko akinyimwa kitabu.

Najua wako wazazi wahofuo kwamba mtoto atasema: kumbe njia iliyoleta dini Ujiji ndiyo iliyopitisha watumwa. Atakuwa amesema kweli. Sura An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamisha ushahidi wa haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Wala haikuwatoa wafanya biashara ya pembe. Na Sura Al-Balad yaitaja kazi ya kumkomboa mtumwa kuwa ni mlima mgumu wa kupandwa. Mtoto afunzwe kuyapima matendo ya Muislamu kwa dini, asiipime dini kwa matendo ya msafiri.

Kitabu kikifungwa, ageukiwe bibi, kwani Buha ina watangulizi wake wasioandikwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi kutoka mapori ya mbung'o kwa ajili ya malale. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma ikawahamisha watu tena, kuwatia katika vijiji vipya. Aliyekuwa msichana wa miaka 12 wakati ule leo ni bibi aliyepita miaka 60. Usiku wa kwanza alilala wapi? Maji waliyateka wapi? Mbegu ya maharage ilitoka shamba gani la kale, na makaburi ya wazee yaliachwa kwa nani? Ijumaa ya kwanza walisali chini ya mti gani?

Kijana ajuaye kuandika atwae daftari, aandike kama bibi asemavyo, kwa Kiha ikiwa ndicho kimtokacho vyema, kisha kwa Kiswahili. Asingoje bibi aanze mwenyewe. Tippu Tip naye hakuandika ila baada ya kuombwa.