Chapati ya Mungu Aliyelala

Mungu wa Srirangam amelala kwa ubavu juu ya nyoka mkubwa, uso ameuelekeza kusini. Waumini watakwambia sababu: ana rafiki upande huo. Rama alipomshinda Ravana, mfalme wa Lanka, husimulia wazee, alimzawadia Vibhishana, ndugu wa Ravana, sanamu ya Vishnu aipeleke kwao Lanka, kwa sharti asiitue chini njiani. Kufika mto Kaveri akaitua. Alipotaka kuiinua tena, haikubanduka. Mungu alikuwa amepapenda. Ili kumtuliza mwenye zawadi, akaahidi kulala akiitazama Lanka daima.

Hekalu hilo la Ranganatha, kama Vishnu anavyoitwa hapo, liko kisiwani, kati ya mito Kaveri na Kollidam, jijini Tiruchirappalli, kusini mwa India. Lina ekari 156 na minara 21 ya malango. Mnara wa kusini, wenye mita zipatazo 73, ulibaki kiporo kwa karne kadhaa, ukakamilishwa 1987. Kuta za hekalu ni saba, moja ndani ya nyingine. Kati ya kuta za nje kuna maduka, nyumba za watu na pikipiki zinazopiga honi. Ukizidi kuingia, ndipo kelele zinapopungua.

Kuta saba si mchezo. Labda ndiyo maana hadithi tamu za hapo ni za watu waliokuwa nje.

Tiruppan alikuwa mwimbaji wa tabaka lililoitwa najisi. Hakuthubutu kukaribia lango. Alisimama ukingoni mwa Kaveri akimwimbia Mungu kwa mbali. Siku moja kuhani mmoja akaja kuchota maji ya ibada, akamwita apishe njia. Mwimbaji, aliyezama katika wimbo wake, hakusikia. Kuhani akamrushia jiwe, likampasua paji la uso. Aliporudi hekaluni na mtungi wake, alikuta sanamu inavuja damu pajini. Usiku akaamriwa ndotoni: kambebe mabegani, umlete ndani. Leo Tiruppan ni mmoja wa Alvar 12, watakatifu washairi wa wafuasi wa Vishnu.

Mwalimu mkuu wa Srirangam, Ramanuja, naye hakupenda milango iliyofungwa. Mapokeo yanampa miaka 120, tangu 1017 hadi 1137. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hesabu hiyo. Inasimuliwa kwamba alikwenda mara 18 kwa mwalimu mmoja kuomba maneno ya siri ya wokovu. Alipopewa hatimaye, kwa onyo kwamba akiyatoa ataingia motoni, alipanda juu ya hekalu akayatangaza kwa kila mwenye masikio. Mwalimu akafoka. Ramanuja akajibu kwamba ikiwa yeye peke yake ataungua na wengine wote wataokoka, basi yuko radhi. Wafuasi wake huamini kwamba mwili wake halisi ungali umeketi humo hekaluni, ukipakwa kafuri na zafarani mara mbili kwa mwaka.

Tusidanganyike, lakini. Hekaya ilimwingiza Tiruppan mmoja kwa mabega ya kuhani. Watu wa matabaka kama lake waliendelea kuzuiwa milangoni mwa mahekalu ya eneo hilo hadi karne ya 20, na sheria ya kuwafungulia yote ilipitishwa Madras mwaka 1947.

Kati ya watu wa nje kuna pia Bibi wa Kituruki. Karne ya 14 majeshi ya Delhi yalilivamia hekalu. Hilo ni historia. Hekaya inaongeza kwamba sanamu ilipelekwa Delhi, binti wa sultani akaichezea kama mwanasesere hadi akaipenda. Makuhani walipoirejesha, akaifuata mpaka Srirangam, akafia hapo. Wahindu wakampa chumba chake hekaluni. Hawakumchongea sanamu, kwa kuwa alikuwa Mwislamu, bali walimchora ukutani.

Na kila asubuhi, katika nchi ya walaji wali, Ranganatha huandaliwa chapati na siagi kwa ajili ya Bibi huyo.