Harufu ya Mwili Kazini na Wajibu wa Msimamizi

Miongoni mwa mambo yanayomwelemea msimamizi wa kazi, hata yule aliyezoea kukemea uzembe bila ya kusita, ni machache yenye uzito kama kumwambia mtu mzima, pengine mwenye umri wa baba yake, kwamba mwili wake unanuka. Na kwa kuwa ulimi humganda, aghalabu hushika njia zidhaniwazo kuwa za upole, ilhali ni za ukatili mtupu, akamwekea mhusika sabuni juu ya meza, au akawahutubia wafanyakazi wote juu ya usafi ili mmoja ajitambue. Mkusudiwa hajitambui, na wenziwe wote humtambua.

Kutojitambua huko si ujuba. Pua huizoea harufu iliyo nayo daima hata ikaacha kuihisi. Tena jasho lenyewe, litokapo, halina harufu ya kutajika. Vijidudu vikaavyo juu ya ngozi, hasa kwapani, ndivyo vinavyolivunja na kuzaa kikwapa. Wako watokwao na jasho kupita kiasi kwa maradhi. Wako wachache wenye ila iitwayo trimethilaminuria, ambao miili yao hushindwa kuvunja kemikali fulani itokanayo na chakula, wakanuka samaki ingawa wameoga asubuhi hiyo. Na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno yaweza kuwa dalili ya kisukari kilichovuka mpaka, jambo la kumkimbiza mtu hospitali. Lakini kabla ya kudhani maradhi, msimamizi na aitazame sare aliyoitoa yeye mwenyewe. Mlinzi au mhudumu aliyepewa sare moja tu ya poliesta, katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, naye akaa mtaa upatao maji kwa mgawo, huifua usiku na wakati wa masika huivaa alfajiri ingali mbichi. Taksiri hapo ni ya mwajiri, na dawa yake ni sare ya pili, ya pamba, pamoja na mahali pa kuogea kazini.

Basi msimamizi na amwite mhusika faraghani, saa za kufunga kazi, ili mhusika asilazimike kurudi mbele ya wenziwe na uso wa fedheha, wala msimamizi asiwataje walalamikaji. Aseme waziwazi: "Mzee wangu, niwie radhi, nina neno la siri. Siku hizi nasikia harufu kali ya jasho kwako. Huenda hukuitambua, na huenda ina sababu nisiyoijua. Liko jambo tuwezalo kukusaidia?" Kisha anyamaze, asikilize, asidadisi jina la maradhi. Mfanyakazi akiwa mwanamke, na aseme naye mwanamke mwenye cheo.

Hali isipobadilika baada ya muda na msaada, ndipo sheria iingie. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au udhaifu wa mwili, amweleze sababu kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe. Tanzania nayo, katika sheria yake ya ajira ya 2004, yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Lakini mazungumzo ya kwanza, ambayo hayajafika huko, hayahitaji shahidi, na kwa rai yangu hayastahili kuandikwa katika jalada lake.