Muda kati ya Moto na Moto: Ukame na Kufufuka kwa Misitu ya Juu ya Kilimanjaro

Katika maandiko mengi yanayohusu Mlima Kilimanjaro na mabadiliko ya tabianchi, barafu ya kilele cha Kibo ndiyo inayotajwa kwanza, na mara nyingi hutajwa peke yake, ilhali badiliko lililo zito zaidi kiikolojia limetokea chini ya barafu hiyo, kwenye ukanda wa misitu ya juu, nalo limeletwa na moto. Utafiti wa mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Andreas Hemp, uliotumia maeneo ya sampuli zaidi ya 1,500 pamoja na picha za setilaiti za mwaka 1976 na 2000, ulionyesha kwamba takribani kilomita za mraba 150 za msitu wa mawingu zilipotea kwa moto katika miongo mitatu, na kwamba mpaka wa juu wa msitu, yaani mstari ambao juu yake miti haiundi tena msitu, umeshuka kwa mamia ya mita. Matokeo hayo yanakwenda kinyume na matarajio ya kawaida, kwa kuwa nadharia inayofundishwa hueleza kuwa joto likiongezeka mimea hupanda mlima kufuata ubaridi. Kilimanjaro imezidi kuwa na joto na ukavu, na msitu wake umeteremka.

Ukanda unaohusika huanzia pale ambapo msitu mrefu wa mikulo na miti ya podo huanza kuachia nafasi miti ya erika, yaani miti na vichaka vya jenasi Erica vyenye majani madogo membamba yanayoshika moto kwa wepesi. Mahali ilipoachwa ikue bila kusumbuliwa, miti ya erika hufikia urefu wa mita 10 na zaidi, na matawi yake hufunikwa na kuvumwani na likeni, viumbe vinavyotokana na kuvu na mwani kuishi pamoja, hasa zile za jenasi Usnea zinazoning'inia na kuitwa ndevu za mzee. Kazi ya msitu huo haiishii katika kupokea mvua. Ukungu unaopita mlimani karibu kila alasiri umebeba matone madogo mno yasiyoweza kuanguka yenyewe, na ni pale yanapogusa majani na ndevu hizo ndipo yanaposhikana, yakawa makubwa, yakadondoka hadi chini. Wataalamu huuita utaratibu huu unasaji wa maji ya ukungu. Kichaka kifupi kinachoota baada ya moto kina sehemu ndogo sana ya kugusana na ukungu, hivyo msitu ukiungua mlima hupoteza maji ambayo hayakuwahi kuandikwa na kipimo chochote cha mvua, na upungufu huo huishia katika vijito vinavyolisha mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji, ya Wachagga na hatimaye Mto Pangani.

Ukame hauwashi moto, ila huamua ni cheche zipi zitafanikiwa. Kila kitu kinachoweza kuungua msituni, kiwe jani kavu, kijiti au gogo, hubadilishana unyevu na hewa iliyokizunguka, na kasi ya kubadilishana hutegemea unene: nyasi kavu hufuata hali ya hewa ya saa chache, kijiti cha unene wa kidole hufuata hali ya siku moja au mbili, na gogo kubwa huhitaji wiki nyingi za jua kabla halijakubali kuungua. Ndiyo maana siku tatu za jua kali baada ya masika hazileti hatari kubwa, lakini vuli inapochelewa, baada ya miezi ya kiangazi, hata tabaka la mboji lililo chini ya miti hukauka. Mvua za vuli za Afrika Mashariki huelekea kupungua katika miaka ya La Niña, yaani vipindi ambavyo maji ya uso wa bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki yanapoa kuliko kawaida, na pia pale ambapo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi unakuwa baridi kuliko upande wa mashariki. Lililo gumu zaidi kukubalika kwa watu wengi ni kwamba mwaka wa mvua nyingi nao huchangia, kwa sababu huotesha nyasi na vichaka ambavyo hukauka mwaka unaofuata na kuwa shehena ya kuni iliyotandazwa mlima mzima.

Cheche yenyewe karibu daima hutoka kwa binadamu. Radi hupiga mlimani, lakini kwa kawaida huja pamoja na mvua, na kwa muda mrefu lawama zimewaangukia warina asali wanaotumia moshi kuwafukuza nyuki, wawindaji haramu, wachungaji na, katika miongo ya karibuni, shughuli za kambi za wapanda mlima. Lawama hizo zina ukweli wake, ila hazielezi kwa nini mwenge uleule wa mrina asali, uliotumiwa kwa vizazi vingi, ulizimika wenyewe katika msitu wenye maji na sasa unaondoka na kilima kizima. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 katika eneo la Whona, mahali pa mapumziko kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, ulidumu zaidi ya wiki moja na kuunguza takribani kilomita za mraba 95 kwa mujibu wa taarifa za serikali, pamoja na kwamba mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, walipanda kuukabili. Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini wa mlima.

Ugumu wa kuudhibiti moto wa aina hiyo hautokani na mwinuko na upepo pekee. Moto wa juu ya ardhi, unaopita kwenye nyasi, unaweza kupigwa kwa matawi mabichi na kuzuiwa kwa barabara za moto, yaani vipande vya ardhi vilivyofyekwa hadi udongo uonekane. Moto wa vilele, unaoruka kutoka tawi hadi tawi, hauzuiliki kwa matawi, na ndevu za mzee zilizokauka huupandisha kutoka chini hadi juu ya mti kwa muda mfupi. Lakini moto unaowachosha wazimaji kuliko yote ni ule unaoingia katika mboji, ambao huenda polepole bila mwali, hufuata mizizi, kisha huibuka upande wa pili wa barabara ya moto siku kadhaa baadaye, wakati taarifa za kudhibitiwa kwake zimekwisha kutolewa. Moto huu wa chini ndio wenye uzito mkubwa katika suala la kufufuka kwa msitu, kwa kuwa mwali unaopita juu kwa haraka huacha sehemu kubwa ya uhai uliomo udongoni, ilhali mboji inayoungua kwa siku nyingi huua mizizi na mbegu pamoja.

Msitu ulioungua hurudi kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuchipua. Spishi kadhaa za erika, zikiwemo Erica arborea na Erica trimera, zina uvimbe wa mti mgumu kati ya shina na mizizi, uliofukiwa kwa kiasi fulani na udongo, ambamo huhifadhiwa wanga na macho ya machipukizi yaliyolala. Kisiki cha namna hii kikichunguzwa miezi michache baada ya mvua za kwanza, shina lake huonekana kuwa mkaa mtupu ulio tayari kuvunjika mkononi, gamba la uvimbe wake limepasuka na kuwa jeusi, na katika mzunguko wake, usawa wa ardhi, machipukizi ya kijani kibichi yenye urefu wa vidole vichache yamejipanga kwa wingi, yakitumia akiba ya chini na majivu yaliyo juu. Majivu hayo yana potasiamu na kalisi tele na fosforasi iliyo rahisi kufyonzwa, ingawa sehemu kubwa ya nitrojeni huwa imepotea hewani pamoja na moshi. Mkulo nao, mti mkubwa wa mteremko wa kusini uitwao Ocotea usambarensis na wataalamu, huzaliana zaidi kwa machipukizi yatokayo kwenye mizizi kuliko kwa mbegu, tabia inayousaidia mradi tu moto haujashuka hadi kwenye mizizi yenyewe.

Njia ya pili ni akiba ya mbegu iliyokwisha kuwapo, na ya tatu ni mbegu zinazoletwa kutoka nje. Miti mingi ya msitu wa unyevu ina mbegu zinazopoteza uhai haraka zikikauka, kwa hiyo haiwezi kutegemea akiba ya udongoni na badala yake husubiri wachukuzi, ambao kwa matunda yenye nyama ni ndege kama kulukulu na hondohondo. Hapa umbali huwa jambo la kufa na kupona, kwa sababu ndege hawa hawapendi kuvuka uwanda mpana usio na mti wa kutua. Makorongo yenye unyevu, ambayo moto huyaruka, hubaki na vipande vya msitu mzima, na kila kipande cha namna hiyo kina thamani kubwa kuliko ukubwa wake unavyoonyesha: miche ya podo inayoonekana chini ya vichaka vya erika kwa kawaida haitoki mbali na makorongo hayo. Erika zenyewe, zikiwa za kwanza kurudi, hutoa kivuli na kutunza ukungu ambamo miche ya miti ya polepole huanza maisha, na kwa miongo mingi msitu wa erika hugeuka taratibu kuwa msitu mchanganyiko.

Neno lenye uzito katika maelezo hayo ni miongo. Wataalamu wa moto hutumia istilahi ya kipindi cha marudio, yaani idadi ya miaka inayopita kati ya moto mmoja na mwingine mahali palepale, na kipindi hicho hueleza hatima ya msitu kuliko ukubwa wa moto wowote uliopigwa picha na kutangazwa. Mti unaochipua hutumia akiba yake kila unapochipua, na ukiunguzwa tena kabla haujairudisha huchipua kwa udhaifu na mwishowe haupandi kuwa mti bali hubaki kichaka. Mti unaotegemea mbegu ukiunguzwa kabla haujafikia umri wa kuzaa hautoweki kwa sababu ya ukali wa moto, bali kwa sababu haukuwa na kitu cha kuacha nyuma. Mfano ulio wazi unatoka mbali, katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ambako moto wa mwaka 1988 uliogusa zaidi ya theluthi ya hifadhi ulidhaniwa na wengi kuwa mwisho wake, na hali misonobari ya huko ina koni zilizozibwa kwa utomvu ambazo hufunguka kwa joto la moto, hivyo miche iliota kwa wingi bila kupandwa na mtu. Mwaka 2016 moto ulirudi katika baadhi ya misitu hiyo michanga, na watafiti walikuta kwamba miche iliyofuata ilikuwa michache mno ukilinganisha na ile ya kwanza. Msitu uleule, wenye mbinu zilezile, uliweza kuhimili moto mkubwa sana lakini ukashindwa kuhimili haraka yake.

Kilimanjaro hakuna koni za utomvu, lakini hesabu ni hiyohiyo, na mteremko wa juu umenasa katika mzunguko wake. Pale miti inapoondoka, jua na upepo hufika ardhini, nyasi za mafungu na kangaga huchukua nafasi, na mimea hiyo hukauka kila kiangazi kwa namna ambayo msitu wa ukungu haukuwahi kukauka. Kangaga ina mashina yanayotambaa chini ya udongo, moto hauyafikii kirahisi, na majani yake yaliyokufa hufunika ardhi kwa tabaka zito linaloizuia mbegu ya mti kugusa udongo. Tabaka hilohilo, miaka michache baadaye, ni kuni.

Kwa sababu hiyo desturi ya kuitikia kila moto kwa kampeni ya kupanda miti inastahili kuangaliwa kwa tahadhari zaidi kuliko inavyofanyika. Upandaji una mahali pake, hasa kwenye mpaka wa chini wa msitu ambako hasara imetokana na ukataji, na ukanda wa Nusu Maili uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya kuni na malisho ya vijiji umeonyesha faida na matatizo ya kazi hiyo. Juu ya mita 3,000 hali ni nyingine: miche iliyolelewa katika kitalu cha chini hukutana na baridi ya usiku isiyoizoea, njia za kuipeleka hukanyaga machipukizi yanayojitokeza yenyewe, na bajeti inayotumika kununua miche ni bajeti ambayo ingeweza kulipa doria katika wiki kavu za Septemba na Oktoba. Picha ya viongozi wakishika miche hupatikana kwa urahisi. Picha ya moto ambao haukutokea haipo, na pengine hilo linaeleza mengi kuhusu mgawanyo wa fedha.

Kipimo cha hasara nacho kingehitaji kubadilika. Taarifa za baada ya moto huhesabu kilomita za mraba zilizoungua, hesabu inayoweka katika fungu moja msitu wa erika wenye umri wa nusu karne na kichaka kilichoungua miaka minne iliyopita. Picha za setilaiti za Landsat zimekusanywa tangu mwaka 1972 na zinapatikana bila malipo, na zikiunganishwa na rekodi za moto za setilaiti za baadaye zinatosha kuchora ramani ya mlima ambayo kila sehemu yake inaonyesha imepita miaka mingapi tangu ilipoungua mara ya mwisho. Sehemu zenye umri wa kati, ambazo erika zake zimerefuka lakini miche ya podo iliyo chini yake bado haijazaa, zingeonekana hapo kuwa za kwanza kwa ulinzi, mbele hata ya misitu mikongwe ya makorongo, ambayo unyevu wake huilinda kwa kiasi fulani.